Nyenje wa Molo

Sekunde ishirini na tano.
Hesabu milio, gawa kwa tatu, ongeza nne:
hizo ndizo nyuzi za joto lililo nje.
Mwalimu Cherogony alituambia darasa la sita,
siku Sigei alipokivunja kipimajoto cha shule
na zebaki ikakimbia sakafuni kama shanga zenye haraka.

Sikuamini. Mdudu atajulia wapi hesabu?
Hajui, akasema. Ni mwili wake tu:
ukipata joto, mabawa yanakwenda mbio;
ukipoa, anauburuta mlio kama mtu na gunia.

Sasa naishi Nyalenda, chumba nambari tisa.
Nyenje wangu kajibana nyuma ya mtungi,
hana adabu, hana likizo.
Jana milio sitini na sita, nyuzi ishirini na sita,
saa tatu usiku, nami nimelala juu ya shuka.

Mama analima viazi Molo.
Nikimpigia, huuliza kwanza kama nimekula,
nami huuliza kama kuna baridi.
"Baridi ya wapi? Tuko sawa kabisa,"
na meno yanagongana katikati ya *kabisa*.

Siku hizi siulizi.
Namwomba aitoe mulika mwizi yake dirishani,
namdanganya eti mtandao unasumbua,
kisha natazama mshale wa saa.
Thelathini: kumi na nne.
Ishirini na moja: kumi na moja. Vaa sweta, Mama.
"Nani kakwambia sijavaa?"

Usiku wa kuamkia Jumamosi
viazi vilikuwa vimetoa maua.
Nilihesabu. Hakuna.
Nikarudia, labda sikio langu limelala.
Mbwa mmoja, mbali. Kisha hakuna.
Sifuri gawa kwa tatu, ongeza nne: nne.
Hesabu haioni haya kusema nne.
Lakini aliyenyamaza hakusema nne,
hakusema lolote,
na huko mataruma kwa mataruma
sakitu ilikuwa ikijitandikia.

"Mama, rudi ndani. Ongeza kuni."
Kimya.
"Mama?"
"Ngoja kwanza, utanipoteza."
Nikangoja. Nyuma ya mtungi yule mpumbavu akaendelea
kana kwamba kuna anayemlipa.

"Sabini na mbili," akasema Mama.
"Mwanangu, fungua dirisha."