Geuza Kwanza

Usianze na ua, Douwe, wala na yule korongo.
Ua huchorwa na yeyote mwenye mkono na njaa.
Geuza. Bakuli husema kweli kwa kitako,
kama farasi kwa meno.

Tumeketi jikoni kwa mama, Harlingen, mvua inachapa kioo,
paa linavuja juu ya ngazi, ndoo mbili zinahesabu,
na wewe umeshawapigia simu watu wa mnada
ukasema: Mfalme Chenghua. Ukasema: miaka mia tano.
Umeziona herufi sita za buluu ukaziamini
kama mtu anayeamini jina
lililoshonwa ndani ya koti la mtumba.

Herufi hudanganya, ndugu yangu.
Mzee Terpstra, niliyekuwa nikimfagilia duka
hadi akaniachia lenzi yake,
alizisoma mwisho, baada ya chai.
Wafinyanzi waliandika jina la mfalme aliyekwisha kufa,
wengine kwa heshima, wengine kwa tamaa,
na buluu ni ileile.

Zima taa ya dari. Lete kidole.
Pita hapa, kwenye ukingo wa kitako usio na mng'ao.
Unahisi chembe? Ni mchanga wa joko,
uliganda siku bakuli lilipochomwa
na hakuna aliyejali kuusugua.
Mstari huu wa kahawia, mwembamba kama ukucha wa mtoto,
umetoka ndani ya udongo wenyewe.
Ule wa kupaka, wa majani ya chai na tindikali,
hukaa juu juu
kama huzuni ya jirani aliyefuata pilau ya matanga.

Sasa lenzi. Mapovu, makubwa kwa madogo,
yamelala ndani ya mng'ao kama mayai ya chura.
Na mikwaruzo, tazama inavyokwenda ovyo:
kijiko cha mwaka huu, kisu cha mwaka ule,
mtoto fulani aliyekataa uji.
Mghushi hukwaruza kwa mpango, upande mmoja,
anataka amalize kabla ya chakula cha mchana.

Usiligonge! Najua wanagonga kwenye sinema.
Haya, gonga basi.

Halikulia. Limekohoa.

Uso wako ukashuka. Bandia, ukasema.
Kizuri chajiuza, ukasema, na hiki
paka wa mama alikuwa akinywea maziwa.

Sivyo. Limekohoa kwa sababu lina ufa,
na ufa una vibano vitano vya shaba
vilivyoushona mgongo wake kama kiatu.
Mtu mmoja, kwa keekee yenye ncha ya almasi,
alitoboa nusu ya unene bila kutokea upande wa pili,
mara kumi, bila kupumua,
akalipwa, labda kwa siagi.
Nani angemlipa fundi ashone bandia?
Vibano hivi vitaiua bei, Douwe,
na ndivyo shahidi wangu.

Nitaandika hivi: Bakuli, buluu juu ya nyeupe.
Enzi ya Kangxi. Alama ya Chenghua si ya wakati wake.
Karne tatu, si tano.
Mdomo umeng'atwang'atwa kama sweta lenye nondo.
Ufa mmoja, vibano vitano, vya zamani.
Bei: nusu ya paa. Upande wa ngazi, tuseme.

Umeniuliza kama tunaweza kuunyamazia ufa,
kulipiga picha kwa upande wa korongo.
Tunaweza. Wapo waliojenga nyumba kwa picha za namna hiyo.
Lakini mnunuzi naye ana kidole.

Ulipotoka kumwaga ndoo
nililiosha kwa maji ya uvuguvugu, bila sabuni.
Ndani, chini kabisa, palikuwa na duara la maziwa,
jeupe, limekauka, gumu kama chokaa.
Hilo sikuliandika.
Umri wake naujua bila lenzi:
Jumanne, mwezi wa tatu, asubuhi,
kabla hajapanda ngazi.