Yeye

Mwenye shingo ya kutu na koo jeupe
ndiye anayelinda.
Hambanduki mwenzake tangu alfajiri,
ingawa Juni huku, kaskazini mwa Aislandi,
alfajiri ni jina tu; jua halikulala.
Mwenzake akidonoa visubi majini, yupo,
shubiri moja nyuma, akizunguka kama pia.
Mwenzake akipanda ukingoni kuchagua nyasi, yupo.
Na mgeni akishuka kidimbwini
hukutana na mdomo mwembamba kama shazia,
manyoya yanaruka, maji yanachemka,
vita vyote hivyo
kwa ajili ya kiumbe mmoja wa rangi ya vumbi
ambaye anaendelea kula.

Umekwisha kumwona dume, najua.
Umemwona bwana mwenye wivu, fimbo mkononi.
Lakini mimi nimesema "a-" tu. Lugha yetu
haikuniuliza huyo "a-" ni nani, nami sikuitajia.
Mpiganaji ni jike.
Anayelindwa, mwenye vazi lililofifia,
ni baba mtarajiwa.

Steinvör ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa
nyuma ya zizi la kondoo, darubini machoni.
Miaka kumi na tisa alikuwa fundi mitambo
kwenye meli ya uvuvi.
Alirudi na harufu ya dizeli, akakaa wiki tatu,
akafunga virago. Kijijini walisema: maskini Ögmundur.
Wakamletea supu ya kondoo, kana kwamba amefiwa.
Ögmundur alikula supu, akarudisha vyungu vikiwa safi,
akasuka nywele za mabinti wawili,
kombo mwaka wa kwanza, kombo mwaka wa pili,
kisha zikanyooka.

Mayai sasa ni manne.
Ni ya dume huyu yote? La tatu, je?
Ndiyo maana naye hakuwa mzigo wa kulindwa tu;
alikula karibu, akaitika kila alipoitwa,
hakumwacha jike apotee nyuma ya matete peke yake.
Siku zote zile sikujua nani alimganda nani.

Asubuhi moja kidimbwi kimenyamaza.
Jike hayupo. Hakuna talaka, hakuna kuagana.
Labda yuko bonde la pili, anampigania mwingine,
labda bahari imeshamchukua.
Dume anaingia chini ya nyasi,
anavuta majani juu ya mgongo wake,
na ile rangi ya vumbi, tuliyoidhania ufukara,
inakuwa ukuta. Kunguru anapita mara mbili.
Hamwoni.

Uchungu wa mwana, walisema wahenga, aujuaye mzazi.
Hawakutaja mzazi yupi.

Steinvör anaandika daftarini: yupo.
Kesho yake: yupo. Mvua ya mawe: yupo.
Ögmundur anakuja na chupa ya kahawa,
mguu wake mbovu ukichora mstari kwenye umande.
"Bado?"
"Bado."
Anammiminia. Wanatazama nyasi
ambazo hazionyeshi chochote.
"Nilipokuwa kule," anauliza Steinvör,
bila kushusha darubini, "hukuogopa?"
"Kwamba ungezama?"
"Kwamba ningempata mwingine."

Ögmundur anafunga chupa, taratibu, hadi mwisho wa uzi.
"Mchana nilikuwa na nywele za kusuka," anasema.
"Usiku, ndiyo."