Ilituenea

Arobaini ya baba ilipopita tulikwenda kupima shamba.
Kaka yangu Muhenna alishika ncha moja ya kamba,
mimi nikashika ya pili,
na jua la Ibra likatushika sote.

Mwanawe Yaqdhani, wa darasa la tano,
alitukimbilia na daftari: "Urefu mara upana, basi!"
Lakini shamba la babu yake halina urefu wala upana.
Lina kiuno pale ukuta wa udongo ulipovimba,
lina kona iliyoliwa na wadi mwaka wa mafuriko,
na mtende mmoja umeegemea kwa jirani
kama mtu anayesikiliza yasiyomhusu.
Tukalikata pembetatu. Pembetatu saba,
na kipande cha nane kisichokubali jina.
Muhenna akakiandika: *takriban*.

Msimamizi wa falaji alitutazama akicheka.
"Mita za nini? Ardhi bila maji ni uwanja wa mpira.
Baba yenu alikuwa na athari tatu,
kila siku ya nane, baada ya adhuhuri."
Nilisikia *athari* kwa sikio la Kiswahili,
nikafikiri anataja madhara,
deni labda, au ugonjwa aliotuficha.
Kumbe athari moja ni nusu saa ya maji,
iliyopimwa zamani kwa kivuli cha kijiti
na usiku kwa nyota.
Basi kwa hesabu yake shamba letu
lina ukubwa wa saa moja na nusu.
Yaqdhani akauliza kama ni saa za mraba.
Hakuna aliyemjibu.

Mahakamani hawakuuliza umbo, hawakuuliza maji.
Thumni ya mama. Kinachobaki, mafungu matatu:
mawili ya Muhenna, moja langu.
Nilishika nusu ya kamba.
Sikushika nusu ya shamba.
Nalisema hili bila kinyongo,
au kwa kinyongo kidogo, takriban.

Jioni ile Bi Zuwena, shangazi yetu,
alijimwagia kahawa mkononi.
Thuraya, jirani yetu muuguzi, hakutafuta kipimo cha duka.
Aliutandaza mkono mzima wa shangazi
juu ya ule ulioungua, bila kuugusa:
"Kiganja cha mgonjwa mwenyewe, pamoja na vidole,
ni kama sehemu moja ya mia ya ngozi yake.
Hapa pameungua kiganja na robo."
Usiku kucha niliwaza hilo:
hakuna anayepimwa maumivu
kwa kiganja cha mwenzake.

Mimi kazi yangu ni kutafsiri hati Maskati,
na kila hati ya ardhi hunikwaza palepale.
Sisi mahali tumepagawa kutatu.
*Hapa*, pale unyayo unapoacha alama.
*Huku*, ambako hakuna aliyepiga kigingi.
*Humu*, na humu hutaka ukuta,
au kifua.
Baba alizikwa hapa.
Alizungumza ya huku na ya kule.
Kuhusu humu, ramani ya serikali haina rangi yake.

Nikamuuliza shangazi, bandeji mkononi,
nyumba yao ya Kikwajuni ilikuwa na ukubwa gani.
"Vyumba viwili."
Watu je?
"Kumi na mmoja. Na mbuzi, wakati wa mvua."
Sasa ukubwa wake, shangazi, kwa kukisia tu?
Akanitazama kama niliyeuliza uzito wa salamu.
"Ilituenea," akasema,
akageuza upande wake wa mto.

Ilituenea.
Na mimi, mwenye kamusi tatu kabatini,
sikuwahi kuona kwamba eneo
ni neno lililozaliwa humo:
si kile kilichozungushiwa mpaka,
ni kile kilichotandaa mpaka kikatosha.

Asubuhi nikalifungua daftari la Yaqdhani.
Mita alikuwa ameziandika, na saa, na thumni,
na kiganja na robo, amekichora chenye vidole sita.
Chini yake akataka kujumlisha.
Alifuta, akaandika, akafuta,
karatasi ikaanza kutoboka.
Nikamwambia: acha nafasi.