Hesabu Hadi Tisa

Nusu kwanza, nusu tukirudi.
Elfu kumi imeingia kwenye simu yangu kabla ya adhana,
jina Rweyongeza,
na saa kumi na mbili kasoro mwenyewe kashuka kwenye bajaji,
hapa Boko, nyuma ya kiwanda cha matofali,
kofia yake imechomekwa ndoano mbele kama nishani za jeshi.

Vua viatu, mzee wangu.
Chombo chetu ni mapipa manne ya bluu na mlango wa zamani.
Mlango haupendi visigino.

Masika yamelinyanyua bwawa dhiraa mbili tangu Pasaka.
Matete ya upande wa magharibi yamezama hadi kiunoni,
na yale majani mapya, laini, rangi ya limau changa,
yametandikwa juu ya maji kama mkeka wa mgeni.
Humo perege wanachimba viota.
Humo kambale anawangojea perege.

"Kule kwetu Bukoba," anaanza,
nami naiacha sentensi ipite, kama mtu anayekatiza uani.
Sangara wa kilo arobaini. Boti la injini. Sawa.
Anatupa mbali, katikati, penye maji matupu;
mshipi unavuma vizuri, ndoano inarudi na upara wake.
Mara ya tatu. Mara ya saba.

Mzee, hapo katikati ni sakafu.
Pamesawazishwa na kijiko, hata mdudu hana pa kujificha.
Tupa hapa karibu, kwenye tundu la majani,
hilo lenye upana wa sinia.
Usivute. Acha chambo kizame, hesabu hadi tisa.

"Kwa nini tisa?"

Kwa sababu chini hapo pana ngazi ya mawe,
na kidato cha pili kiko kwenye tisa.

"Ulipiga mbizi?"

Sikupiga mbizi. Nilikaa.
Miaka sita nilikaa huko chini juu ya gunia,
kipande cha tairi kidoleni, nyundo mkononi,
nikigonga kokoto, ndoo kwa mia tano.
Hapo penye yungiyungi palipita fuso likipanda na mzigo;
kambale wanapenda ukingo wa barabara ile.
Kule palikuwa na banda la Mama Chausiku.
Mafiga yake bado yapo,
perege wanayazunguka kana kwamba uji haujaisha.
Kisha pampu ikafa, mwenye pampu akahamia Mkuranga,
na mvua ya mwaka ule ikaingia kama mpangaji asiyelipa.
Nyundo yangu imo humu.

Saba, nane,

na fimbo ikapiga rukuu.
Usishindane naye! Mpe. Mpe tena. Sasa.
Akajifunga kwenye majani, nikasukuma pondo,
tukamwinua pamoja na shamba lake lote:
sharubu, tope, kilo nne na ushei,
akikoroma mlangoni kama mwenye nyumba.
Bukoba haikutajwa.

Halafu akaiona kona ya mashariki, chini ya ukuta,
majani mazito, maji meusi,
na kitu kikubwa kikapasua maji humo, pwaa!
"Twende pale."

Hapana.

"Nitaongeza."

Nimeshaahidiwa hata hamsini.
Pale ukuta ulikaa chini, Jumanne, saa ya chai,
juu ya Tatu Mgumba na ndoo yake ya kumi na moja.
Tulifukua kwa mikono hadi usiku, tukampata,
akazikwa kwao Bunju, kwa heshima zote.
Kwa hiyo si kaburi, mzee, usinielewe vibaya.
Ila chambo changu hakifiki.

Akanyamaza. Akageuza kiti chake, kile kidumu,
akatupa tena kwenye sinia lile lile,
midomo ikicheza: alikuwa anahesabu kwa Kihaya.

Tulipofunga chombo akauliza kambale ni wa nani.
Wako. Kichwa changu, hiyo ndiyo desturi ya hapa.
(Desturi niliianza mwaka jana.)

Na kesho?
Kesho tunafuata perege. Uje na minyoo.
Kofia iache nyumbani.