Barafu ya Jomvu Kuu

Kiwanda kilichelewa. Hilo liandikwe kwanza,
kabla ya kulaumiwa mashine, au mwezi, au mimi.
Vipande kumi na viwili vya barafu,
kila kimoja kimo cha mtoto wa chekechea,
tulivilaza ndani ya mashua kama wagonjwa,
tukavifunika magunia na unga wa mbao.
Mwanamkasi akautazama ukuta wa bandari ya kale,
pale chaza walipoanza kuchungulia.
"Maji yashaanza kwenda zake," akasema,
"na sisi ndio kwanza twaja."

Barabara ya Miritini ilikuwa imelala na makontena yake,
na sharubati ya watu mia tatu haingoji lori.
Tukapita chini ya daraja la Nyali,
magari yakigonga viungo vyake juu yetu, du-du, du-du,
Mishomoroni kulia, Tudor kushoto,
kisha Mikindani na mfereji wake mchafu,
ambapo Mwanamkasi aliziba pua, asiseme neno,
mpaka tukaupita.

Halafu mkono wa bahari ukaanza kukunja vidole.
Mikoko ikasogea kama majirani walionusa siri.
Huku hakuna boya. Kuna chupa iliyofungwa mtini,
kuna mkoko uliopigwa radi, kuna rangi:
"Penye chai ya maziwa, ogopa.
Penye kijani cha tambuu, pita."
Yeye huvuna chaza humu tangu meno ya utoto.
Huuchomeka upondo, akausikiliza kwa kiganja
kama muuguzi ashikaye mshipa.

Nami, msomi wa ramani, nikamwonyesha simu:
tulikuwa katikati ya buluu tupu, nikashika usukani.
"Buluu hiyo ya saa ngapi?" akauliza.
Sikuwa na jibu. Mashua ikasema *shii*,
wala si kishindo, ni sauti ya mtu avuaye kanzu,
tukakaa.

Saa tatu u nusu, siku ya bamvua.
Maji yalituacha kwa adabu,
kama mgeni aagaye mara tatu mlangoni.
Kaa wakatoka, kila mmoja na mkono mmoja mkubwa,
wakatupungia.
Na Jomvu ile pale! Naona msikiti,
naona makaburi yaliyoipa lami mgongo,
nasikia sufuria, nasikia mwanamke
akimgombeza Mwanatumu kwa kisu kilichopotea.
Hatua mia nne. Nikatia mguu.
Matope yakauchukua pamoja na kiatu,
yakarudisha mguu.

"Mji huu una mlango," akasema Mwanamkasi,
akimega mkate wa sinia,
"na ufunguo hauko mfukoni mwako."

Barafu ikaanza kunena tumboni mwa mashua.
Tone. Tone. Nikakomba kwa kopo la rangi,
nikaimwaga harusi ya binamu yangu Mishi
kwenye mizizi, kopo baada ya kopo.

Adhana ya adhuhuri ikapita juu ya vichwa vyetu.
Akatawadha kwa maji ya barafu, meno yakigongana,
akaswali ameketi. Gubeti, lilivyokwama,
lilikuwa limeelekea kibla lenyewe.

Kisha jani. Lile lililotupita asubuhi likienda baharini,
au ndugu yake, likarudi polepole
na povu jembamba nyuma yake.
Mashua ikakohoa. Akauchukua upondo.
Mimi nikachukua kopo, kazi niliyoiweza.

Vipande vitano vilifika,
na cha sita chembamba kama sahani.
Mama wa Mishi akainua gunia, akatuangalia:
"Mumeleta barafu au mumeleta maji?"
"Tumeleta saa," akasema Mwanamkasi, "nyingine zimemwagika."
Watoto walikwisha kupigania kile cha sahani.

Kiatu changu kingali huko, cha kushoto.
Nasikia waendao Jomvu siku hizi huelekezana hivi:
ukikiona kiatu, shika kulia,
na kama hukioni, maji yametosha,
pita.