Kero

Barua ililetwa na askari wa geti,
kijana wa Kaloleni, mpole,
akaniomba radhi kabla sijaifungua.
Ina mhuri, ina saini thelathini na moja.
Nilimpa Mbeyu anisomee, miwani yangu ina ufa:
"Harufu ya samadi. Nzi. Jogoo kuwika
kabla ya saa zinazokubalika."

Mbeyu alicheka mpaka akakaa chini.
Zinakubalika na nani, akauliza,
na jogoo amepewa nakala?

Sisi hapa Mwakirunge kero tunazijua.
Kero ni tumbili ndani ya mahindi mabichi.
Kero ni moshi wa jaa la jiji
unaoingia puani bila hodi.
Taka zao zilihamia huku kabla yao
wala hatukuandika barua.

Sasa kero ni mimi,
Mejumaa binti Chirima, ng'ombe saba,
matuta kumi na mawili ya mchicha,
mihogo, na goti moja linalouma.

Ukuta wao ulianza kwa kamba na vigingi.
Kisha tingatinga. Kisha bango:
Mandhari ya Bahari.
Panda juu ya tangi lao la maji
utaona bonde, utaona paa la zizi langu.
Bahari hutaiona.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga.
Hawakusema mgeni akija na wakili.

Mwaka huohuo ramani ilipakwa upya.
Shamba langu lililala kijani, likaamka njano.
Njano, wakanieleza dirishani, ni makazi,
na kodi ya njano si kodi ya kijani.
Nikauliza mchicha nao uote rangi gani.
Karani akaita: anayefuata!

Halafu siku moja tukaitwa ukumbini,
chai na sambusa, viti vya plastiki,
tukasomewa rasimu:
mkulima aliyekuwepo kabla ya jirani
asishtakiwe kwa harufu ya kazi yake.
Sentensi moja. Niliomba irudiwe.
Niliibeba mpaka nyumbani
kama yai ambalo bado lina joto.

Rasimu si sheria, Mama, alisema wakili Nyevu
katika chumba chake juu ya duka la rangi.
Na hata ikiwa sheria, itakuuliza:
kabla, tangu lini? Onyesha karatasi.

Karatasi.
Baba alionyeshwa mpaka kwa kidole:
mkorosho huu hadi kichuguu kile.
Mkorosho umeanguka.
Juu ya kichuguu wamejenga nyumba ya jenereta.

Tulipekua sanduku usiku kucha,
leso, risiti za dawa ya kupe, picha iliyoliwa na mende,
na chini kabisa kadi ya chanjo, mhuri wa zambarau:
Ndama jike, madoa meupe.
Mwenye mali, Chirima wa Mwero, Mwakirunge.
Machi 1987.

Ng'ombe ana cheti.
Aliyemkamua hana.

Nyevu aliitia kadi ndani ya plastiki
akaishika kwa ncha za vidole.
Huyu ndiye shahidi wako, akasema.
Sikumwambia
kwamba shahidi tulimla kwenye harusi ya Mbeyu.

Jana jioni, kwenye kijilango cha ukuta,
mtoto wa nyumba namba tisa alikuja na chupa.
Lita moja, na mama anauliza ni ya leo?
Mama yake ni saini ya nne.
Nilimpimia. Nikamwongezea, mkono umezoea,
halafu nikajilaumu njia nzima mpaka zizini.

Mahakama ya Shanzu imeahirisha hadi tarehe kumi na saba.
Nyevu asema nivute subira.
Navuta. Lakini saa kumi alfajiri kiwele kimejaa,
hakijui tarehe,
nami naingia gizani na ndoo
nikinyata kwenye shamba langu kama mwizi.
Jogoo nimemfunika kwa pakacha, Mungu anisamehe.
Anawika humohumo ndani.