Mbili Zako, Tano Zetu

Muatasim kanifundisha, Ijumaa baada ya wali,
hapa Wadi Kabir, kiyoyozi kikikohoa ukutani.
"Shangazi, hizi mbili zako, usimwonyeshe mtu.
Tano za mezani ni zetu sote."
Nikamuuliza turufu ipi.
"Hakuna turufu."
Nikamuuliza tena, maana sikuamini.

Pesa hatuweki; nyumba hii ina msala.
Tulichezea kokwa za tende,
thelathini kila mmoja, bado zinanata vidoleni.
Akafunua tatu: ree ya kopa, tisa, mzungu wa nne.
Kisha moja. Kisha ya mwisho.
Na kila inapofunuliwa, mtu aongeze, afuate, au atupe.
Jozi huliwa na jozi mbili,
jozi mbili huliwa na tatu za namna moja,
tatu nazo huliwa na mfuatano...
hapo nikamwambia basi,
niandikie nyuma ya bili ya umeme.

Mchezo wa saba nilishika mbili ya pau na saba ya uru.
Takataka.
Nikakumbuka dirisha la uhamiaji, mwaka sabini na tatu,
afisa ananihoji kwa Kiarabu, nami nina maneno kumi,
shingo nimeinyoosha kama mwenye elfu.

Nikasukuma kokwa zote.

Mtoto akanitazama. Akaitazama meza.
Akahesabu kwa midomo, akatupa.

"Lazima nifunue?"
"Si lazima, Shangazi."

Kanuni hiyo sikuhitaji kuandikiwa.
Nikazichomeka katikati ya nyingine,
nikachanganya, nikamwambia akate.